Kanuni Niliyoifuta Kabla Hujaiona

Idrisa mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yako. Hilo tuliruke. Chumba chako kinapakana na changu, kikohozi changu unakisikia na mkoromo wako nausikia, kwa hiyo hali zetu tunazijua. Sitaandika pia habari za chandarua, za kukataa chakula cha usiowajua kwenye treni, wala za kuficha simu ukishuka. Una miaka ishirini na minne. Kama hayo huyajui hadi leo, karatasi haitakuokoa.

Nipo dukani, alasiri hii, umeme umekatika na mashine zote zimenyamaza. Wewe umekwenda Ulyankulu kumuaga bibi yako, na kule huachiwi hadi umelishwa mara tatu, basi hutarudi kabla ya Magharibi. Barua nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo leo.

Jambo lenyewe ni hili. Wale wachapishaji wa vitabu wa Dar wanakusubiri, na yule dada wa ofisini alikupa nafasi ya kuchagua: ufanye jaribio la kupanga kurasa, au uanze ghalani, kwenye maboksi. Nilikusikia ukimjibu kwenye simu. Ulisema, "Dada, kupanga kurasa mimi sina mkono. Niweke ghalani." Ulisema kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaja ugonjwa wa kuzaliwa nao.

Huo mkono unao. Aliyekufanya uamini huna ni mimi, na nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Nianzie mbali kidogo, maana bila kujua nilivyokuwa na kiburi hutaelewa nilivyoanguka.

Nilianza kazi kwa mashine ya chapa, kwenye ofisi moja hapa mjini, kabla hujazaliwa. Ukitaka kulipigia neno mstari, ulirudi nyuma hadi herufi yake ya kwanza, ukagonga kistari mara nyingi kama neno lilivyo refu. Kwa hiyo ulijiuliza kwanza kama neno hilo linastahili. Mengi hayakustahili. Leo anakuja mtu na tangazo la mistari sita, anataka lote likolezwe, lote herufi kubwa, lote jekundu. Ukimwambia kwamba ukikoleza yote hujakoleza kitu, anakutazama kama umemtukania ukoo.

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Hilo umelisikia mara nyingi kuliko adhana, nami nakuomba radhi kwa hilo pia. Nilitazama video za watu wanaosema haraka kama wanafukuzwa, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, nikiandika kwenye daftari la shule. Na humo ndimo nilimokuta kile kitu ambacho mjini hapa hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Unakumbuka ile semina ya wenye steshenari, hotelini, ya chai na sambusa? Alikuja mtaalamu kutoka Dar na kitambulisho kikining'inia shingoni, kipana kama leso. Akatuonyesha kukoleza namba ya simu kwenye orodha. Anaishika namba kwa kipanya, anabonyeza, anasogea kwenye nyingine. Nikanyoosha mkono.

"Mtaalamu, na kama namba ziko mia mbili?"

"Unakwenda nazo moja moja, mama. Kazi hii ni uvumilivu."

"Na mteja akibadilisha orodha kesho?"

"Unavumilia tena."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha mzuri. Mimi nikala sambusa yangu ya tatu nikimdharau kuanzia kitambulisho hadi viatu. Kwa sababu mimi nilikuwa najua kwamba mashine huionyeshi neno. Unaieleza umbo la neno, halafu unaiambia neno la umbo hilo livae nini. Unaiambia: popote utakapokuta tarakimu kumi zinazoanza na sifuri, zikoleze. Basi. Ziwe mia mbili, ziwe elfu mbili, zikiingia tu kwenye ukurasa zimeshavaa. Wasomi wanaiita ruwaza. Mimi niliiita kanuni, na nilikuwa nayo ya kila kitu. Kwenye lebo za asali za wale wafuga nyuki wa Sikonge, tarakimu zikifuatwa na neno gramu au kilo zinakuwa nene. Kwenye vijitabu vya kanisa, namba ya aya inapanda juu na kuwa ndogo. Kwenye kadi za harusi, kila panapotajwa saa panakuwa rangi ya dhahabu, maana watu wetu wakiandikiwa saa nane wanakuja saa kumi, angalau wachelewe wakiwa wameiona.

Ulikuwepo siku kanuni yangu ya simu ilipoingia kwenye orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho vya taifa. Zile namba ndefu kama garimoshi. Mashine ikaona sifuri katikati, ikahesabu kumi, ikakoleza tumbo la kila namba, ikaacha kichwa na miguu vimekonda. Ulicheka hadi ukashika meza. "Mama, mashine yako imewapa watu mimba." Mimi nikairekebisha kwa dakika tano: nikaiambia isiguse tarakimu kumi zenye tarakimu nyingine ubavuni. Mtu mwenye busara angejifunza kitu pale, kwamba mashine inatii umbo na haina habari na kitu chenyewe. Mimi nilijifunza kwamba mimi ni hodari sana wa kurekebisha.

Sasa njoo kwa Bi Tatu.

Alikuja miaka mitatu iliyopita, eda hata haijaisha, amesindikizwa na mwanawe Sefu, yule muuza vipuri vya baiskeli. Mumewe, Mzee Maganga Sefu, alikuwa na wiki mbili kaburini. Walitaka kitabu cha ukoo kigawiwe siku ya hitma ya arobaini. Kurasa arobaini na nane. Ukoo umeanzia kwa babu aliyeingia Tabora na misafara ya pembe, na ukurasa wa kwanza unasema alikuwa kiongozi wa msafara. Nimechapa vitabu vya koo tisa za mji huu, Idrisa, na babu wa kila ukoo alikuwa kiongozi wa msafara. Hakuna hata mmoja aliyebeba mzigo. Sijui pembe zilitembea zenyewe kwenda pwani.

Walitaka majina ya marehemu yatofautiane na ya walio hai. Wakatuachia daftari la majina ya wote waliotangulia. Nikaamua yawe ya kijivu na yalazwe, herufi zikiinamia upande. Ukurasa wa pili nikaandika, kwa maneno yangu mwenyewe, na nikayapenda: majina yaliyolazwa kwa rangi ya kijivu ni ya ndugu zetu waliotangulia mbele ya haki.

Wewe ulisema kitu. Ulikuwa umesimama hapo kwenye mlango wa stoo, una kikombe mkononi.

"Mama, kwa nini nisiende kwa Bi Tatu na hizi kurasa? Anionyeshe mwenyewe kwa kidole, huyu yupo, huyu hayupo. Nitie alama kwa kalamu, halafu nije nipake."

"Kurasa arobaini na nane?"

"Alasiri mbili tu."

"Alasiri mbili za kumsikiliza Bi Tatu akikueleza nani alimwoa nani na kwa nini haikupasa. Hiyo kazi ni ya yule mtaalamu wa semina, bwana wa sambusa. Wewe nichapie orodha ya marehemu kutoka kwenye daftari, mengine niachie."

Ukachapa. Majina kumi na manane, hukukosea hata herufi moja. Nami nikayachukua majina hayo nikayapanga kwenye kanuni, kati ya jina na jina nikaweka kile kistari cha kusimama ambacho mashine inakisoma "au". Nikaiambia: popote katika kitabu hiki utakapokuta jina hili, au hili, au hili, lipake kijivu, lilaze. Nikabonyeza. Kurasa arobaini na nane zikabadilika mbele ya macho yangu kama mboga zinazonyauka juani. Nilijisikia raha ambayo nakiri sijaisikia hata siku ya ndoa yangu.

Hivi unaona kilichokuwa kinakuja? Mpumbavu yeyote wa Tabora angekiona. Mtu hapa akipata mtoto wa kiume wa kwanza anampa jina la baba yake. Baba wa Mzee Maganga Sefu aliitwa Sefu Maganga, naye amekufa zamani, yumo kwenye daftari kwa haki yake. Mwana wa Mzee Maganga Sefu anaitwa Sefu Maganga, na anauza vipuri. Na mtoto wa huyo muuza vipuri, aliyekuwa na miaka saba, ni Maganga Sefu kama babu yake. Majina mawili yanapokezana tangu enzi za pembe, na mimi nikayakabidhi kwa mashine isiyo na babu.

Kurasa nilizikagua, usidhani sikuzikagua. Nilitazama nafasi kati ya mistari, nilitazama pambizo, nilitazama kijivu kama kimekolea vya kutosha. Majina sikuyasoma. Kanuni ilikuwa imeshayasoma kwa niaba yangu.

Siku ya hitma tulikwenda wote wawili. Visomo vimekwisha, pilau imeliwa, vitabu vikagawiwa uani kwa Bi Tatu. Dakika za mwanzo watu walisifu. Mtu mmoja akasema karatasi ni nzito. Halafu pakaanza kile kimya kinachotembea kutoka jamvi hadi jamvi. Sefu mwenyewe alikuwa ametoka wodini wiki ile ile, amekonda, shati linampwaya, na ndiye aliyeandikwa kitabuni kwamba atatoa shukrani kwa niaba ya familia. Jina lake pale lilikuwa la kijivu, limelala. Binamu yake mmoja, mtu wa maneno, akainuka, akamsogelea, akainama.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba," Sefu akaitika. "Huku kwema, ila joto."

Wanaume wakaangua kicheko. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini yule mtoto, Maganga mdogo, ndio kwanza alikuwa amejua kusoma na alikuwa anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye magunia. Alikuwa ameshasoma ukurasa wa pili. Akafika kwenye ukurasa wa tisa, akauliza kwa sauti, "Bibi, na mimi nimetangulia?"

Bi Tatu akavaa miwani. Alikuwa na siku arobaini za kufiwa na mume, na kwenye ukurasa ule mmoja nilikuwa nimemzikia mume, mwana na mjukuu. Akakifunga kitabu, akakiweka chini ya paja kama anakizuia kisitoke.

"Nani kapanga hiki?"

Watu wote wakanitazama mimi. Na mimi, Idrisa, sikusema neno lolote la uongo. Niligeuza shingo tu nikakutazama wewe. Macho yote yakafuata yangu.

Umewahi kunisikia nikimsema mtu anayesukuma mwenzake kwenye foleni? Nimekuwa nikimsema mtu huyo tangu siku ile kwa sababu namjua vizuri.

Ukatoka kwenye jamvi. Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Ukapiga magoti mbele ya yule mama ukasema, "Ni mimi, bibi. Majina niliyachapa mimi. Naomba radhi." Hukuwa na hakika ya kitu chochote, ulijua tu kwamba majina yalipita mikononi mwako, na hilo lilikutosha. Naye akakwambia yale maneno. Akasema, "Mungu kanichukulia mmoja, wewe ukaona hajamaliza kazi."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa na mdomo. Niliutumia kumalizia soda.

Halafu nikafanya kilicho kibaya zaidi, maana cha kwanza angalau kilikuwa cha haraka. Wewe ulibaki pale kukusanya vitabu kutoka kwa wageni. Mimi nikawahi dukani. Nikafungua faili, nikaifuta ile kanuni, nikapaka majina machache kwa mkono ili ionekane kazi ilifanywa neno kwa neno. Ulipoingia na lile boksi la vitabu kichwani, ulikuta faili safi na orodha yako imefunguliwa kwenye kioo.

"Mama, nilikosea wapi?"

Nikakuwekea kidole. "Si hili hapa? Sefu Maganga. Nani kaliandika?"

"Mimi. Lakini babu yao si kweli alikufa?"

"Alikufa. Ungetofautisha."

Ukalitazama jina lile muda mrefu. Nilikuwa nikingoja uulize kijivu kililifikiaje jina la Sefu muuza vipuri, swali ambalo mtu anayejua kazi angeuliza. Ulikuwa unaijua kazi. Hukuuliza kwa sababu aliyekuwa anakuambia ni mama yako.

Utataka kujua kwa nini. Nilipiga hesabu ndogo ya kijanja, na nilijiona mwerevu. Nilisema moyoni: kijana akikosea, watu watasema atakua, mwanamke wa umri wangu akikosea, watasema amechoka, tumpelekee mwingine kazi. Duka lingekufa. Na hesabu ilitoka sawa, hiyo ndiyo aibu yake. Ukoo ule ule ulirudi na kadi za harusi mwaka uliofuata. "Mama Idrisa hana neno," walisema, "ila kijana asiguse." Nikacheka nao. Nikawatolea kadi nzuri, saa zote za dhahabu.

Wewe ukabaki na jina la Izraili. Walianza wale wa kijiwe cha bodaboda: "Izraili, leo umeniandika?" "Izraili, kivuli cha cheti changu usikitoe kijivu, bado nina watoto wadogo!" Ulikuwa ukicheka nao, na mimi nikajiambia kwamba kumbe hakuumia. Lakini tangu siku ile hukukaa tena mbele ya ile kompyuta. Ulihamia kwenye mashine ya vivuli, kwenye kubandika plastiki vyeti vya watu, kwenye kukata kadi. Nikikuita uje uone ukurasa ulikuwa unasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, kama mgeni kwenye duka la vyombo vya udongo. Na bado, ukiwa umesimama hivyo, uliona. "Mama, mstari wa nne umebanwa." "Mama, hiyo picha inatazama nje ya ukurasa." Ulikuwa sahihi kila mara, na kila mara nilisema "hm" kana kwamba nilikuwa nimeshaliona.

Na sasa unakwenda kubeba maboksi. Ghalani! Watu wanaobeba maboksi nawaheshimu, tusielewane vibaya, wengi wao wana akili kuliko wanaoyajaza. Lakini wewe huendi kule kwa sababu unapenda maboksi. Unakwenda kujificha, na aliyepaswa kujificha ni mimi, ambaye miaka mitatu nimekaa hapa mbele ya kompyuta kwenye kiti cha kuzunguka nikiwakejeli wanaopaka neno kwa neno.

Nikueleze kanuni ilivyopaswa kuwa, maana huenda wakakuuliza, na kwa sababu nimeificha muda wa kutosha. Kuna namna ya kuiambia mashine itazame nyuma kabla ya kugusa jina. Unaweka mabano, ndani yake alama ya kuulizia, mshale unaoelekea kushoto, alama ya sawasawa, halafu neno Marehemu na nafasi yake. Ukifunga mabano ndipo unaandika jina. Hapo mashine inapaka kijivu jina lile ikiwa tu nyuma yake kuna neno Marehemu, na neno lenyewe hailigusi. Sefu wa vipuri angepita salama, na mwanawe pia. Nilijifunza hilo wiki moja baada ya hitma, kwa siri, kama mtu anayesoma dawa ya ugonjwa aliokwisha kumwambukiza mwingine.

Lakini hata hiyo, nani ataandika hilo neno Marehemu kabla ya jina, mahali panapohusika na si pengine? Mtu. Mtu aliyekaa na Bi Tatu alasiri mbili. Ulinipa jibu lote ukiwa umesimama mlangoni na kikombe, nami nikakuita bwana wa sambusa.

Leo asubuhi, ulipopanda gari la Ulyankulu, nilivaa baibui nikaenda kwa Bi Tatu. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Idrisa. Mbona mikono mitupu? Wewe huji kwangu bila bahasha ya mwaliko."

Nikakaa chini. Nikamweleza kanuni, orodha, shingo, faili. Ungo haukusimama hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Ngoja. Sefu! Njoo huku. Rudia, huyu naye asikie." Nikarudia mara ya tatu, mbele ya Sefu, aliyenenepa siku hizi, mikono imejaa grisi ya minyororo.

Sefu akacheka. "Mama Idrisa, mimi ile imenifaa. Kamati za harusi zikija naziambia marehemu hachangi."

"Wewe nyamaza, uliyekufa," mama yake akamwambia. Kisha akanigeukia, ungo ukatulia. "Yule mtoto alipiga magoti hapo ulipokaa. Nikamwambia maneno. Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka, bibi."

"Na mimi nayakumbuka. Sasa nitayapeleka wapi?"

Safari hii sikugeuza shingo.

"Anaondoka lini?"

"Kesho jioni, kwa treni."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kupanga maboksi ghalani. Anasema kurasa hana mkono nazo."

Alinitazama. Nimetazamwa na wateja wengi, Idrisa, wa kila aina, na wengine nilikuwa nimewaharibia harusi. Sijawahi kutazamwa hivyo.

"Kitabu changu kinarudiwa," akasema. "Nimepata wajukuu wawili, na wifi yangu katangulia mwezi uliopita. Mwambie aje kesho saa mbili asubuhi, na kalamu. Nitamwonyesha mmoja mmoja, huyu yupo, huyu hayupo. Na nina maneno yangu ya kumwambia kabla hatujaanza."

"Nije naye, bibi, nimsaidie?"

"Wewe baki na mashine yako."

Basi hayo ndiyo niliyoyaleta. Mengine sikuyagusa. Yule dada wa Dar sijampigia, wala sitampigia. Utachagua jaribio au ghala kwa mdomo wako mwenyewe, na ukichagua ghala baada ya kusoma haya, litakuwa ghala lako, si langu. Radhi siiombi hapa. Nilikuangusha mbele ya watu, na karatasi ya siri haiwezi kunitosha. Kijiweni kwa wale wa bodaboda nimepita pia nilipokuwa narudi. Nimewaambia Izraili ni mimi. Wameshindwa kucheka, maana wananiita mama.

Kabla umeme haujakatika nilifungua faili la ukoo wa Maganga. Nimeondoa kijivu chote, hadi cha jina la mwisho, kwa mkono, moja moja. Majina yote ni meusi sasa, yamesimama wima, waliopo na waliotangulia pamoja, na kiti cha mbele ya kompyuta nimekipandisha kifike urefu wako.

Mama yako